Barranco hadi Karanga: ukuta si tatizo, tatizo ni bonde la pili

Jioni pale kambi ya Barranco, kwenye Mlima Kilimanjaro, kila mtu anautazama ukuta wa mwamba. Umesimama ng'ambo ya kijito, mweusi, karibu mita 260 kwenda juu, na watu wanaulizana chinichini kama hakuna njia nyingine. Hakuna. Anayekwenda Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, kwa njia ya Machame au Lemosho lazima aupande.

Mimi nakwambia uupande bila wasiwasi. Hauhitaji kamba, unahitaji mikono. Fimbo zikunje usiku na uziweke ndani ya begi. Za mwenzangu zilikuwa zinaning'inia nje, zikanasa kwenye mwamba zikamvuta nyuma, na pale si mahali pa kuvutwa nyuma. Vaa glavu nyepesi, maana asubuhi ukuta uko kivulini na jiwe lina baridi ya kuuma, pengine na barafu pale maji yanapochuruzika. Kuna sehemu moja mwamba umetokeza njiani na unalazimika kuukumbatia, shavu karibu liguse jiwe, huku mguu wa mbele ukitafuta pa kukanyaga. Wageni hulibusu lile jiwe wapigwe picha. Begi lako likiwa limetuna sana hapo ndipo utalijutia.

Nyuma yako wanakuja wagumu, wapagazi wenye mizigo ya hadi kilo 20, wengine wameibeba kichwani. Ukisikia "pisha", simama upande wa mlima, kamwe usisimame ukingoni, na usimpishe mtu ukiwa katikati ya hatua. Waache wapite. Hema lako ndilo hilo wanalolibeba.

Sasa, juu ya ukuta, zaidi ya mita 4,200, watu wanashangilia. Wanapiga picha, wanamaliza karanga na maji yote, wanaona kazi imekwisha. Hapo ndipo wanapojiponza. Toa fimbo zako, kula kidogo, bakiza nusu lita. Njia inashuka kwenye changarawe, inapanda, inashuka tena, na ukungu wa mchana unafunika kila kitu. Halafu unatokea ukingoni mwa bonde la Karanga na kuyaona mahema ya kambi ya Karanga ng'ambo, karibu kiasi kwamba ungeita mtu angeitika. Usidanganyike. Unashuka mteremko mkali wenye mawe yanayoteleza hadi kijitoni, kisha unaanza kupanda upya kwa magoti yaliyokwisha choka. Nimeona vijana walioupanda ukuta wakiimba wakikaa chini hapo kila hatua kumi.

Kijito hicho ndicho maji ya mwisho. Barafu, mita 4,673, haina maji. Yanayopikiwa chai kule yamebebwa na wapagazi kutoka huku. Kwa hiyo kunywa hapa bila ubahili.

Kichwa kuuma kidogo kwa urefu huu ni kawaida, ila mwambie mwongozaji, usijikaze kiume. Ukianza kuyumba kama mlevi, hiyo si ya kusubiri kesho, unashushwa.

Kilomita ni kama 5 tu, na Barranco na Karanga zote ziko karibu mita 4,000, ndiyo maana safari nyingi za Machame za siku 6 zinakupitisha hapa bila kulala, moja kwa moja hadi Barafu. Siku hiyo ni ndefu, na usiku uleule unaamshwa kwenda kileleni. Kabla hujalipa, uliza: tunalala Karanga au tunapita? Wakisema tunapita, ongeza siku.