Shangazi, nimekubali safari ya Ugiriki na mama anadhani nitakuwa kazini

Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 24, kwetu ni Kibosho, Moshi. Nasoma shahada ya uzamili Leipzig, Ujerumani, na mwaka wangu wa kwanza unaelekea ukingoni. Tuna kundi letu la watu sita darasani: Wajerumani wawili wa kiume, Mtaliano, dada wa Kolombia, kijana wa India na mimi. Tunapikiana, tunakesha pamoja wakati wa mitihani, na nilipougua hao ndio walioniletea supu.

Sasa wamepanga mwezi wa tisa twende visiwa vya Ugiriki siku tisa, Santorini kisha Naxos. Mgao wangu wa ndege na vyumba ni euro 740, na tunatakiwa kulipa mwisho wa mwezi huu. Kwenye kundi la WhatsApp kila mtu aliweka moyo mwekundu, nami nikaweka.

Shangazi, akiba yangu yote ni euro 1,100 nilizodunduliza kwa kuosha vyombo mgahawani wikiendi. Mama alikopa kikoba na kuuza ng'ombe ili nije huku. Mdogo wangu amechaguliwa chuo, mkopo wa Bodi haujulikani kama atapata, na mama ameshaniuliza kama nina chochote. Nikamwambia mwezi wa tisa nitabanwa sana na kazi, sitapatikana hewani. Yule Mtaliano anasema atanilipia, nitamrudishia taratibu. Nikijitoa nitaonekana masikini, nikienda nitajiona mwizi. Halafu wamenipanga chumba kimoja na mmoja wa wale Wajerumani, eti ni kawaida. Nifanyeje?

Binti wa Kibosho, Leipzig

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako yote ni euro, na jambo moja zito umelisukumia mstari wa mwisho, pale ambapo wengine huweka salamu. Nianze na hilo.

Mvulana na msichana wasio na uhusiano kulala chumba kimoja safarini, kwa vijana wengi wa huko ni njia ya kupunguza gharama tu. Aliyepanga vyumba hakukudharau, wala sidhani kama ana nia mbaya, alihesabu vitanda. Lakini wewe hujazoea, na hulazimiki kuzoea kwa sababu bei imegawanyika vizuri kwa mbili. Sema kwamba utalala na dada wa Kolombia, basi. Huhitaji kueleza dini, mila wala ukoo. Wakicheka, watacheka jioni moja. Na kama umeliweka mwisho kwa sababu huyo kijana unamtazama kwa jicho jingine, mimi sikukemei, umeshakuwa mtu mzima. Ila jambo la namna hiyo uliamue mwenyewe, lisiamuliwe na orodha ya vyumba.

Sasa hela. Kuna hela za aina mbili kwenye barua yako na umezichanganya, ndiyo maana unajiita mwizi.

Wasomaji wengine huenda hawajui, wakisikia binti yuko Ujerumani wanadhani anaokota tu. Mwanafunzi kutoka kwetu anayeomba viza ya huko lazima aonyeshe ana pesa za kujikimu mwaka mzima. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904, na asiye na ufadhili kwa kawaida huziweka kwenye akaunti inayoitwa Sperrkonto, zikaachiwa 992 kila mwezi. Kodi ya chumba, bima ya afya, chakula na ada ya muhula vinazimaliza. Humo ndimo alimo ng'ombe wa mama yako, na kikoba chake. Hizo zisiguse nauli ya meli hata senti moja. Tena kumbuka kwamba kibali chako kikifika wakati wa kuongezwa, watauliza upya: mwaka ujao utaishi kwa nini? Barua yako haikugusa hilo kabisa, nami ningekuwa wewe ningelihangaikia kuliko Santorini.

Hizi 1,100 ni habari nyingine. Hizi umezisuguia masufuria Jumamosi na Jumapili wenzako wakiwa bustanini. Ni zako. Najua wapo watakaosoma hapa na kusema mtoto wa kikoba hana haki ya kwenda kuota jua. Sikubaliani nao. Mtu aliyesoma mwaka mzima kwa lugha ya watu, akafanya kazi wikiendi, akapita baridi ya kwanza peke yake, akipumzika siku chache na watu waliomletea supu hajamwibia yeyote.

Lakini hiyo 740 si bei ya safari. Chukua kalamu. Ndege na vyumba, 740. Kula na mabasi, weka euro 40 kwa siku, na hapo umejibana. Siku tisa ni 360. Jumla 1,100. Akiba yako imeisha na hujapanda meli hata moja, na kwa mpango wao meli ni tatu: Piraeus, bandari ya Athens, hadi Santorini, Santorini hadi Naxos, Naxos kurudi Piraeus. Bado begi, maana tiketi ya bei rahisi ya ndege mara nyingi inakuruhusu kimkoba cha kusukuma chini ya kiti tu. Bado viti vya ufukweni na mwavuli, maana kwenye fukwe nyingi hivyo hukodishwa. Bado ile safari ya mashua ambayo siku ya tatu mtu mmoja atasema "twendeni jamani" na wote mtaweka moyo mwekundu.

Kwa hiyo mimi nakupa mpango wangu. Euro 550 ndiyo mwisho wako, kila kitu humo ndani. Euro 200 zimwendee mdogo wako. Euro 350 zibaki zikusubiri Oktoba muhula wa baridi unapoanza. Kwa 550 Santorini itoe. Kisiwa ni kizuri, sibishi, lakini vyumba vya pale juu ya ule ukingo wa volkano, hasa upande wa Oia, ni vya walio kwenye fungate na wenye mishahara. Wao watangulie, wewe uwakute Naxos kwa usiku nne. Naxos ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Cyclades, kundi la visiwa ambamo Santorini nayo imo, watu wake wanalima viazi na kutengeneza jibini yao wenyewe, na mtu anaweza kula vizuri bila kutoa macho. Basi kutoka mjini Chora linakupeleka Agios Prokopios, Agia Anna hadi Plaka, fukwe ndefu za mchanga ambako unatandika taulo yako na kukaa bure. Ukitaka machweo ya kupigia picha, pale karibu na bandari pamesimama Portara, lango la marumaru la hekalu lililoanzwa karne ya 6 kabla ya Kristo na halikumalizwa. Jua linazama, watu wamekaa kwenye mawe, hakuna kiingilio.

Na kama hata usiku nne zinavuka 550, usiende. Kusini mwa Leipzig kuna ziwa la Cospudener, lililokuwa shimo la makaa ya mawe, leo watu wanaogelea. Wapikie wenzako pilau, mkae huko siku nzima kabla hawajaondoka. Urafiki wa supu haufi kwa hilo.

Kinachonitisha ni ukimya wako. Ukinyamaza mpaka vyumba vya Santorini vilipwe, siku utakayojitoa utakuwa umewaongezea wenzako watano bei, na hapo watakuwa na haki ya kukasirika. Leo hakuna atakayeumia. Kwetu kwenye kikao cha harusi mtu anatamka ahadi yake, katibu anaandika, anayefuata anatamka yake. Hakuna anayemuuliza mwenye elfu hamsini kwa nini hakusema laki mbili. Aibu inampata aliyeahidi laki tano na kuzima simu. Basi wewe ahidi ulichonacho. Andika kwenye kundi hivi, kwa lugha mnayotumia: "Jamani, nilikubali kabla sijapiga hesabu. Mimi bajeti yangu ni euro 550 kwa kila kitu. Santorini siiwezi, ila nitawakuta Naxos siku nne. Naomba mgao wa vyumba upangwe upya kabla hatujalipa, na mimi nilale na dada." Sentensi nne. Usiweke samahani kumi, usiweke historia ya ng'ombe.

Unasema utaonekana masikini. Na nani? Dada wa Kolombia na kijana wa India huenda nao wamepitia Sperrkonto ileile, nao wameweka moyo mwekundu huku wakipiga hesabu gizani. Usishangae mmoja wao akikuandikia pembeni kwamba ulichosema ndicho alichokuwa anatafuta mdomo wa kukisema.

Yule Mtaliano ana moyo mzuri, mshukuru, lakini hela yake iache mfukoni mwake. Deni la rafiki halina riba ila lina macho. Kila utakaponunua viatu utajiuliza kama amekuona. Akitaka kukufurahisha akununulie chakula cha jioni siku moja mkiwa huko. Hicho kinaliwa kinaisha.

Nikiwa kwenye chakula, sikiliza hili maana ndipo safari za makundi zinapoharibikia. Mtakaa mgahawani watu sita. Zitakuja chupa mbili za mvinyo, pweza wa kuchoma, samaki wa kupimwa kwa kilo. Wewe utaagiza viazi, nyanya na maji. Bili itakuja, tuseme 150, na mtu atasema kwa furaha kabisa "tugawane sawa," euro 25 kila mmoja, wakati chako hakikuvuka 12. Hana ubaya, amechoka kuhesabu. Mara nne hivyo na umepoteza zaidi ya euro 50. Zile programu za kugawana gharama mnazotumia wanafunzi zina sehemu ya kuandika kila mtu alichokula. Omba itumike kuanzia mlo wa kwanza, kabla chupa haijafunguliwa. Ukiomba usiku wa tatu itaonekana una kisirani.

Mama yako sasa. Hiyo habari ya kubanwa na kazi ifute kabla haijazaa nyingine. Kwanza haitafichika. Wewe unaweza kumzuia shangazi yako na binamu zako wasione stetasi zako, lakini hutamzuia dada wa Kolombia kuweka picha yenu wote mkiwa na miwani ya jua, na kwetu picha haihitaji viza kufika Kibosho. Pili, mama hakukuuliza kama unapumzika. Aliuliza kama una chochote cha mdogo wako. Mjibu hilo alilouliza. Mwambie una akiba kidogo ya kazi ya wikiendi, kwamba utatoa euro 200, ambazo ni zaidi ya laki tano za kwetu, za kumsaidia kijana kuripoti chuo: nauli, godoro, malipo ya mwanzo wakati majibu ya Bodi yanasubiriwa. Kisha, kwenye simu hiyohiyo, mwambie utasafiri siku chache na wenzako, na kiasi utakachotumia. Taja tarakimu. Mama aliyekopa kikoba anaelewa tarakimu kuliko maelezo.

Anaweza kununa. Anaweza kusema "haya, wewe ndiye uliyeko Ulaya," ile kauli inayochoma hata ikisemwa taratibu. Mwache anune. Lakini hesabu itakuwa mezani, na mdogo wako atakuwa amepata chake kwanza. Zile 200 zitume kabla ya kulipa safari.

Mengine ni madogo, ila yana uzito. Kama hujui kuogelea, kaa kwenye maji ya kiunoni na uwaambie wenzako wazi. Mtu wa mlimani hana cha kuthibitisha baharini. Zile pikipiki za magurudumu manne zinazokodishwa visiwani ziache, hata wakikubembeleza, barabara za kule zina kona kali na ukiumia utagundua bima uliyosaini haikuwa na maana. Kama uko kwenye bima ya afya ya umma, geuza kadi yako, nyuma yake ndiyo kadi ya bima ya afya ya Ulaya, ibebe, itakusaidia kwenye hospitali za umma Ugiriki. Na usipange meli ya kurudi na ndege siku moja. Upepo wa kaskazini, meltemi, unavuma zaidi Julai na Agosti, lakini hata Septemba bahari ikichafuka meli husimamishwa, na ndege haitakusubiri Athens.

La mwisho lifanye leo, kabla hata ya kuandika kwenye kundi. Toa kadi yako ya ukaazi uangalie inaisha lini. Ikiwa hai, pamoja na pasipoti yako, unaruhusiwa kutembea nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizofunguliana mipaka, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, na Ugiriki imo. Lakini ikiwa inaisha kabla ya safari na utapewa ile karatasi ya muda ukisubiri mpya, usilipe chochote mpaka ofisi ya wageni ikuambie kwa maandishi kama karatasi hiyo inakuruhusu kutoka na kurudi. Ofisi hizo hujibu polepole, kwa hiyo barua pepe itume asubuhi.