Mama mwenye mtoto wa sikoseli, kabla hujanunua kopo la antioksidanti soma hapa

Juzi usiku mdada mmoja tunayekutana naye kliniki kanipigia analia, kauziwa kopo la vidonge vya antioksidanti, yani vitu vya kuzuia kemikali zinazounguza seli mwilini, kwa 85,000 na kaambiwa dawa za hospitali aachane nazo kabisa. Na mimi nilishapita hapo hapo, ndo maana nimeona niandike.

Mwanangu sa hivi ana miaka 9. Alipokuwa na miezi 8 vidole vya mikono na miguu vilimvimba hadi vinang'aa, ukigusa tu analia mpaka sauti inakauka, sisi tukawa tunamkanda na kumpaka mafuta ya nazi wiki mbili nzima, kumbe ni sikoseli. Akaja kuanzishiwa haidroksiyurea, dawa ya sikoseli ya hospitali, krisisi, yani yale maumivu makali ya ghafla, zikapungua, tukapumua. Alafu akatokea mtu na makopo yake, anaongea vizuri, anasema hizi zinasafisha mishipa, hamtahitaji dawa tena. Hela ilikuwa moja, ama kopo ama dawa. Nikanunua kopo. Hazikupita wiki nyingi saa tisa usiku nikamkuta kakaa chini kaushika mguu kwa mikono miwili, hata kulia halii, anatetemeka tu. Tulilazwa siku 6.

Hapo wodini ndo nesi mmoja akanielewesha na nitamshukuru maisha yangu yote. Akasema mama, seli mundu, zile seli nyekundu za damu za sikoseli zilizojikunja kama mundu, zikiziba mshipa mdogo nyama ya upande wa pili inakaa bila oksijeni, lakini madhara hayaishii hapo, hata damu ikirudi inaleta madhara yake. We fikiria bomba lililokaa siku tatu bila maji, yakirudi yanakuja kwa kishindo na tope. Oksijeni ikirudi ghafla zinatengenezwa kemikali kali zinazounguza kuta za mishipa, mwili unapeleka seli nyeupe, zinanata pale ukutani, panavimba, njia inazidi kuwa nyembamba na seli mundu nyingine zinakwama tena. Yani mtoto anaweza kuumia mara mbili kwa kuziba kumoja.

Kwa hiyo antioksidanti sio neno la uongo, na hapa ndo wauzaji wanapotupatia. Ipo dawa ya kweli ya njia hiyo, inaitwa L-glutamini, unga wa pakiti za gramu 5 unaochanganywa na maji au chakula mara mbili kwa siku. Marekani waliipitisha Julai 2017 kwa wagonjwa wa sikoseli kuanzia miaka 5. Seli nyekundu inaitumia kujitengenezea kinga yake yenyewe dhidi ya zile kemikali. Waliijaribu kwa wagonjwa 230 kwa wiki 48, ukiwapanga kwa idadi ya krisisi, wa katikati kwenye kundi la glutamini alipata 3, wa kwenye unga usio na dawa alipata 4. Inasaidia, ila sio muujiza. Na sikia hii vizuri, kama theluthi mbili yao walikuwa wanaendelea na haidroksiyurea yao, hakuna aliyeambiwa aitupe.

Na glutamini ya gym usimpe mtoto kwa kukisia. Dozi inaenda na uzito, na figo na ini lazima daktari aviangalie kwanza.

Kama hela yako ni ya kitu kimoja, mi nakwambia kwa uchungu wa kilichonipata, nunua haidroksiyurea. Imejaribiwa kwa watoto wetu huku huku, Kenya, Uganda, Kongo na Angola, matokeo yakatoka mwishoni mwa 2018, maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, hata malaria na vifo vikapungua. Ila kipimo cha damu usikiruke maana inaweza kushusha seli za damu, na faida yake haikai ukiiacha, hilo nimelilipia siku 6 wodini.

Mengine ya nyumbani unayajua, ila nayarudia. Akiumwa mguu usiweke barafu hata siku moja, baridi inabana mishipa, weka kitambaa cha uvuguvugu na mpe dawa ya maumivu aliyoandikiwa mapema, usisubiri azidiwe. Homa ikifika 38.5, au kifua kinabana, au anapumua kwa shida, usikande, nenda hospitali usiku huo huo. Mtoto wa kiume uume ukisimama na kuuma usione aibu, masaa manne yasipite ukiwa nyumbani.

Na maji jamani. Watoto wetu wanakojoa sana kwa sababu figo zao hazishiki maji vizuri, sasa wakiogopa kuomba ruhusa darasani wanaacha kunywa. Mi nilienda kuongea na mwalimu, tukakubaliana akae karibu na mlango, chupa yake ya lita iwe juu ya dawati, na akitaka kutoka anatoka tu bila kunyoosha mkono.