Maswali Yenu: Ni Dubu Yupi wa Kuogopwa?

Swali: Julai tunakwenda hifadhi ya Yellowstone na watoto watatu. Shuleni wamefundishwa kwamba dubu akiwa mweusi unapigana naye, akiwa wa kahawia unalala chini. Tuifuate kanuni hiyo? – *Msomaji, Minneapolis, Marekani*

Jibu: Msiende kwa rangi. "Dubu mweusi" ni jina la aina tu. Huko magharibi mnakokwenda wengi wao wana manyoya ya kahawia, hata ya rangi ya mdalasini, na grizi, yaani dubu kahawia wa huko, naye anaweza kuwa mweusi tii. Tazameni umbo. Grizi ana nundu juu ya mabega kama ng'ombe wetu wa kienyeji, uso uliobonyea katikati, masikio mafupi ya mviringo na kucha ndefu za sentimita 5 hadi 10. Dubu mweusi hana nundu, uso wake umenyooka kutoka kwenye paji hadi puani, masikio yamesimama, na kucha zake ni fupi, zimepinda, za kupandia miti.

Na hata mkishaitambua aina, bado kuna swali kubwa zaidi: anakujia kwa sababu gani? Dubu aliyeshtushwa, au mwenye watoto, au anayelinda mzoga, hupiga kelele. Anapumua kwa kishindo, anagonganisha meno, anapiga ardhi kwa mguu wa mbele, masikio kayalaza nyuma. Huyo anataka uondoke. Mara nyingi hukurukia kwa kukutisha, kisha akasimama hatua chache kabla ya kukufikia. Usikimbie wala usipige ukelele. Rudi nyuma polepole huku ukizungumza kwa sauti ya chini. Ikiwa ni grizi na amekufikia mwilini, lala kifudifudi, begi likiwa mgongoni, vidole umevifumbata nyuma ya shingo, miguu umeitanua ili asikupindue kirahisi. Tulia hivyo mpaka aondoke kabisa. Ukiinuka naye bado yupo karibu, atarudi.

Dubu anayewinda hana kelele. Anakufuata kimyakimya, masikio mbele, macho kwako. Ukihama naye anahama. Au anaingia hemani usiku watu wamelala. Huyo, awe wa aina yoyote, ukilala chini umemwandalia meza. Mpige puani na machoni kwa jiwe, fimbo, sufuria, chochote, wala usiache. Watafiti waliofuatilia vifo vya watu 63 waliouawa na dubu weusi wa porini Canada na Marekani, kuanzia 1900 hadi 2009, waligundua kuwa karibu matukio tisa katika kila kumi yalikuwa ya uwindaji, na asilimia 92 ya wawindaji hao walikuwa madume. Kwa hiyo jike mwenye watoto, ambaye kila mtu humwogopa, siye muuaji mkuu kwa upande wa dubu weusi. Kwa grizi mambo ni kinyume: mama mwenye watoto ndiye wa kuepukwa kuliko wote.

Nunueni kopo la dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu, kila mtu mzima na lake. Lile dogo la kujikinga na vibaka halitoshi. Soma lebo: dawa isipungue gramu 225, iruke mita 7 na nusu au zaidi, na tarehe isiwe imepita. Kopo likae kiunoni au kifuani, si ndani ya begi. Dubu hukimbia hadi kilomita 56 kwa saa, maana yake mita 30 anazimaliza kwa sekunde mbili tu. Ng'oa kizuizi cha usalama, elekeza chini kidogo mbele yake, na puliza akiwa kama mita 10 ili aingie mwenyewe ndani ya wingu. Huko Alaska, kumbukumbu za 1985 hadi 2006 zinaonyesha dawa hii ilimzuia dubu kahawia mara 92 katika kila 100. Tafadhali msiipulize kwenye hema au nguo mkidhani ni kinga kama ya mbu: harufu yake ikishakauka humvuta dubu. Tena haipandi ndege, si mkononi wala kwenye mizigo, kwa hiyo nunueni mkishafika.

Hapo kambini, chakula, dawa ya meno, losheni na nguo mlizopikia vikae ndani ya gari lililofungwa au kwenye makasha ya chuma ya hifadhi. Mkilala mbali na gari, mahali pasipo na makasha wala nguzo za kutundikia, mfuko utundikwe mita 3 kutoka ardhini na zaidi ya mita moja kutoka kwenye shina, umbali wa mita 90 hivi kutoka kwenye hema. Umbali huohuo wa mita 90 ndio sheria ya Yellowstone mnapomtazama dubu au kumpiga picha.

Swali: Nasoma India. Mwenzangu wa Chhattisgarh anasema kijijini kwao wanamwogopa dubu kuliko simbamarara. Inawezekanaje? – *Mwanafunzi, Pune*

Jibu: Mwenzako anajua anachosema. Dubu wa India, yule mla mchwa, si mkubwa sana, dume ana kilo 80 hadi 145, lakini hujeruhi watu wengi mno. Hana meno mawili ya kati ya juu. Kupitia pengo hilo huwavuta mchwa kwa pumzi, pua kaizamisha ndani ya kichuguu. Akiwa katika kazi hiyo hakusikii ukija. Akishtuka, wewe uko hatua tano tu, naye amezoea kuishi na simbamarara, kwa hiyo hasubiri: anasimama na kupiga kwa kucha ndefu, usoni na kichwani. Anayemjua nyati dume aliyejitenga kichakani atamwelewa dubu huyu mara moja.

Msimu mbaya ni Machi na Aprili, maua ya mti wa mahua yanapodondoka usiku. Wanakijiji huyaokota alfajiri wamechuchumaa, na dubu huyapenda vilevile. Wangoje kupambazuke vizuri, waende kwa kundi, wazungumze kwa sauti na kugonga fimbo chini. Akishambulia: kifudifudi, uso chini, mikono shingoni. Mtu akiufunika uso wake ameokoa macho na taya, na hayo ndiyo majeraha yanayowaharibia watu maisha yao huko.

Swali: Kwa jumla, yupi ni hatari zaidi? – *Msomaji, Mwanza*

Jibu: Ukikutana na mmoja tu, huna silaha wala pa kukimbilia, mbaya zaidi ni dubu mweupe wa Aktiki, kwa kuwa akiwa na njaa anaweza kukuona wewe ni nyama. Hata hivyo hukutana na watu mara chache: mashambulio yaliyorekodiwa kati ya 1870 na 2014 ni 73, na waliokufa ni 20. Dubu kahawia, duniani kote, alishambulia mara 664 kati ya 2000 na 2015, na shambulio moja katika kila saba lilileta kifo. Japani, ambako wengi ni dubu weusi wa Asia, watu 219 walishambuliwa katika mwaka wa fedha wa 2023 na 6 wakafa. Miti ya msituni inapokosa kuzaa kokwa, dubu huteremka vijijini.

Panda naye ana meno. Katika bustani ya wanyama ya Beijing, panda aitwaye Gu Gu aliwauma watu watatu walioingia uani mwake, kati ya 2006 na 2009.

Swali: Afrika hatuna dubu kabisa? – *Msomaji, Eldoret*

Jibu: Walikuwepo kwenye milima ya Atlas, kaskazini mwa bara, wakatoweka karne ya 19. Yule "dubu wa Nandi" wa hadithi za kwenu hajawahi kuacha hata mfupa mmoja.