Mleta uzi, hiyo API mpya (unga wa kiini cha dawa) isiguse mashine kabla hujasoma hapa

Weka kikombe cha chai chini, mpigie mtu wenu wa ghala mwambie hayo mapipa asiyafungue. Maswali yako yote manne nimeyaona, la kibali cha kutengeneza vidonge vipya ndani ya zoni ya forodha, la jengo jipya ng'ambo ya barabara, la software ya stoo na lile la mtihani wa uwakala wa forodha, ila kuna sentensi umeichomeka katikati kama haina maana na ndiyo iliyonitoa usingizini: "konsaltanti anasema kibali tunacho tayari maana ni vidonge vile vile tu". Aisee. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo, karibu neno kwa neno, na nikayaamini, na nikayaandika kwenye imeli kwa bosi wangu. Ile imeli bado ninayo, huwa naisoma nikijiona nimeanza kuwa na akili.

Kwa wanaopita tu na hawajui tunaongelea nini: hapa Marekani kuna hizi FTZ, yaani zoni za biashara ya nje ambamo mali inaingia bila kulipiwa ushuru kwanza, walioko Bongo fikirieni EPZ, tofauti ni kwamba EPZ kwa sheria yake ya zamani ilikudai asilimia 80 ya mali iende nje ya nchi na hii unaruhusiwa kuuza humu humu ndani. Sheria yake ya zamani, 1934, kutengeneza bidhaa ndani ya zoni kuliruhusiwa 1950. Kiwanda cha dawa kinaipendea hivi: unga wa API unaotoka India, kama haumo kwenye ile orodha ya dawa zilizosamehewa ushuru, mara nyingi unadaiwa 6.5%. Kidonge kilichokamilika ushuru wake wa kawaida ni sifuri. Kwa hiyo unauingiza unga kwenye zoni bila kulipa, unatengeneza kidonge humo humo, kikitoka getini kinahesabiwa kidonge, unalipa sifuri. Batch ikifeli QC, ule ukaguzi wa ubora, ukaiteketeza kwa utaratibu wa forodha, hudaiwi chochote. Tamu kweli kweli, ndiyo maana watu wanajisahau.

Sasa sikiliza wewe mleta uzi. Kile kibali cha Bodi ya FTZ kule Washington hakisemi "kampuni fulani inaruhusiwa kutengeneza dawa". Kinataja malighafi ya kigeni moja moja na bidhaa moja moja mliyoombea, ambacho hakikutajwa hamna. Mkiongeza API mpya au kidonge kipya mnapeleka taarifa ya uzalishaji kwa Bodi, inatangazwa kwenye gazeti la serikali, Federal Register, watu wanapewa siku 40 za kutoa maoni, na mchakato mzima ni siku 120. Miezi minne! Na wakiona kuna utata wanaweza kusema leteni maombi kamili, hapo ndo utakapojua kulala na kiatu.

Sisi tulikuwa New Jersey, mimi nilianza na forklift ghalani halafu wakaniona najua kusoma makaratasi wakanipeleka upande wa forodha. 2018 kampuni ikapata kazi ya kutengeneza kidonge kipya, kila mtu anakimbia. Mabosi walikuwa na hofu moja: tangazo la Federal Register ni la wazi, washindani watasoma watajua tunapika nini. Akaja konsaltanti mmoja, tai nyekundu, laptopu nyembamba kama chapati ya hotelini, akawaambia mabosi kile walichotaka kusikia. Kwamba vidonge ni vidonge, tarakimu nne za mwanzo za namba ya ushuru ya bidhaa ni zile zile, kibali cha zamani kinafunika, ya nini kujitangaza. Hela aliyochaji kwa saa moja huko Dar unapanga chumba na sebule mwezi mzima na umeme juu. Akaulizwa kama anaweza kuiandika hiyo na kusaini, akasema atatuma. Mpaka leo anatuma.

Tukaingiza. Wiki kumi na moja tunazalisha, mimi mwenyewe najaza fomu 214, ile ya forodha ya kuingiza mali zoni, kila mzigo ukifika, naweka ile hadhi ya kigeni inayosubiri kulipiwa kwa kiwango cha bidhaa ya mwisho, raha mustarehe, nimeshaanza kuhesabu bonasi. Halafu akaja mkaguzi wa ndani kutoka makao makuu, dada mmoja Mfilipino mpole, ana peni ya bluu na daftari dogo. Tukaenda kwenye kizimba cha ghala akahesabu mapipa, yale ya karatasi ngumu ya kilo 25 yenye pete ya chuma juu, akanakili jina la API kutoka kwenye lebo herufi kwa herufi. Halafu akaniuliza, "Hii iko ukurasa wa ngapi wa kibali?" Kibali chetu kilikuwa na kurasa mbili. Nikageuza ya kwanza, nikageuza ya pili, nikarudi ya kwanza kama vile jina litakuwa limejitokeza nilipokuwa sitazami. Yeye amekaa kimya tu, hata hakuandika, na kile kimya kiliniuma kuliko angenitukana.

API iliyokwisha kutumika ilikuwa ya dola milioni 2.4, piga hesabu ya 6.5% mwenyewe, ni 156,000. Tulibahatika kitu kimoja, wanasheria wakakimbilia CBP, forodha ya Marekani, kujisalimisha kabla uchunguzi haujaanza, na ukijisalimisha mapema kwa kosa la uzembe unalipa ushuru wenyewe na riba, lile rungu la adhabu linakupita juu ya kichwa. Upande wa Bodi nako faini zao zinahesabiwa kwa siku, nilikaa wiki nzima nikizihesabu usiku badala ya kondoo. Baada ya hapo tukapeleka ile ile taarifa tuliyoikwepa, ikatangazwa kwenye gazeti, washindani wakasoma, na tukasubiri miezi minne huku kila kilo mpya tunailipia ushuru mlangoni. Yaani tulilipia siri na siri yenyewe hatukuipata. Konsaltanti alipopigiwa akasema "ushauri wangu ulikuwa wa jumla". Wa jumla! Risiti yake ilikuwa na senti.

Kwa hiyo mkuu fanya hivi leo, kesho ni mbali. Toa kibali, toa orodha ya mapipa, pitisha kidole API kwa API na kidonge kwa kidonge. Jina lisipokuwepo halipo, usimtafutie undugu na jina la jirani. Mzigo kama umeshaingia zoni kukaa tu ghalani hakuna ubaya, balaa linaanza mkiutia kwenye mashine. Mteja akiwa hawezi kusubiri, lipieni ushuru kwanza uingie kama mali iliyokwisha lipiwa, mtaumia 6.5% ila mtalala. Na huyo konsaltanti mwambie aandike kwa barua kwamba API yenu imo kwenye kibali, ataje na ukurasa, uone atakavyoanza kukohoa. Halafu kabla ya yote angalieni kama API yenyewe haimo kwenye ile orodha ya msamaha, maana ikiwemo mnahangaikia ushuru ambao hata haupo, nimeona watu wazima wakifanya hivyo na suti zao.

Ah na umesema sehemu ya unga inatoka China. Hiyo kama imo kwenye Section 301, ule ushuru wa ziada wa bidhaa za China, lazima iingie na hadhi iliyofungwa, kiwango kinaganda siku inapoingia, kwa hiyo ule ujanja wa kidonge haukuokoi kwenye hilo. Usichanganye na ya India kwenye fomu moja ukidhani utaokoa muda.

Jengo jipya nalo angalieni mpaka wa zoni kwenye ramani, barabara ikishakatiza msijifanye hamjaiona. Software... sikumbuki umeulizaje, nikitoka shifti nitarudi kusoma. Mtihani wa uwakala mimi nilifeli mara ya kwanza, si mtu wa kumuuliza.

Nijibu kitu kimoja tu sasa hivi, maana umeandika "mzigo wa kwanza umeshafika Newark wiki iliyopita" halafu ukahamia kwenye software kama hakuna kilichotokea: mapipa mangapi yameshafunguliwa?