Babu alirudi kutoka Burma, vipi jina lake liwe kwenye orodha ya waliokufa?

SWALI: Assalaam aleikum, Maalim. Natokea Wete, Pemba. Babu yangu mzaa mama alikwenda vitani wakati wa Hitla, akapelekwa Burma. Alirudi, akaoa, akalima karafuu, akafariki 1978. Ametuachia medali mbili, moja ya nyota na nyengine ya duara yenye kichwa cha mfalme, na picha moja amevaa sare pamoja na wenzake. Pia ipo mestini yake, kile chombo cha bati cha kulia cha askari, ambayo bibi aliifanya kipimio cha mchele. Sasa kuna bwana mmoja mjini anasema atatutolea faili lake London. Ametuonesha karatasi yenye jina la babu, namba ya jeshi na tarehe 12 Februari 1944, na anadai kuna malimbikizo ya mshahara ambayo hayajachukuliwa. Anataka laki tatu na nusu, medali zenyewe za asili, na nakala za vitambulisho vya warithi wote. Mjomba ameshakubali. Tufanyeje? – M.F.

JIBU: Waaleikum ssalaam, mwanangu. Kwanza la haraka: mwambie mjomba, kwa adabu zake zote, asitoe shilingi wala asitoe medali. Mwambie leo.

Tarehe hiyo mliyooneshwa ndiyo iliyonikalisha kitako nikujibu. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa na askari ikielekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa watu wapatao 1,300, na miongoni mwao mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hawana kaburi ila bahari, ndiyo maana majina yao, zaidi ya 450, yamewekwa kwenye mnara wa kumbukumbu katika makaburi ya vita ya Nairobi. Aliyezama na meli ile hakurudi Wete kuchuma karafuu, wala hakumzaa mama yako. Bwana wenu kachukua jina la mtu aliyefia baharini akambandika babu yenu. Na marehemu yule naye ana watu wake, pengine mpaka leo wanaulizana alikwenda wapi.

Jina kalipata wapi? Kalipata bure. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola imeiweka orodha yake kwenye intaneti. Mtu anaandika jina, inatoka namba, kikosi, tarehe na pahala anapokumbukwa. Huna haja ya London wala ya laki tatu, kijana yeyote mwenye simu atakufanyia hapo hapo barazani. Lakini orodha ile ni ya waliokufa tu, na kwa vita vya pili inahesabu waliokufa kuanzia 3 Septemba 1939 mpaka 31 Disemba 1947. Aliyerudi mzima hayumo. Nimeshapokea watu wengi wananijia wamejaa furaha, "Maalim, tumempata babu!", na babu mwenyewe wamemzika wao kwa mikono yao.

Majina yetu nayo yanasaidia matapeli. Akina Hamisi bin Juma ni wangapi hapo Micheweni peke yake? Halafu karani wa jeshi aliandika alichosikia. Khamis akawa Hamisi, kesho yake akawa Amisi, na jina la tatu likaachwa kwa sababu mstari umejaa. Wengine walijiandikisha Mombasa au Tanga walikokuwa wakifanya kazi, wakaingizwa kwenye hesabu za Kenya au Tanganyika, na ukitafuta "Zanzibar" hutowaona kabisa. Jina peke yake halimtambulishi askari. Kinachomtambulisha ni namba.

Na hapa ndipo ninapokereka, kwa sababu kila anayekuja kwangu ameshaaminishwa kwamba London kuna jalada nene lenye jina la babu yake, limepangwa kabatini linamsubiri mjukuu. Hakuna jalada la namna hiyo. Askari wa Kiingereza ndio waliowekewa mafaili yao huko. Wetu waliandikishwa huku huku Afrika Mashariki, na karatasi zao zilikaa kwenye vikosi na kwenye makao makuu. Vikosi vikavunjwa, bendera zikabadilika, karatasi zikatawanyika na nyingi zikapotea. Anayekwambia "nina mtu wangu ndani ya ofisi London" anakuuzia mtu, faili hana.

London kipo kitu chengine, na kina faida yake. Kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, kule Kew, zimo shajara za vita, maana kila kikosi kilikuwa na ofisa anayeandika siku hadi siku wako wapi na limetokea nini. Za upande wa Burma zimewekwa chini ya alama WO 172. Ukizifungua utakuta mvua, matope, daraja lililokatika, risasi zilizopigwa usiku, hesabu ya waliojeruhiwa. Ofisa wa Kizungu anatajwa kwa jina na cheo, askari anakuwa tarakimu. Basi hata shajara hutoweza kuitumia mpaka uwe umeshajua babu alikuwa kikosi gani, na hilo utalijulia nyumbani kwenu, ndani ya masanduku ya bibi.

Sasa malimbikizo. Sitaki nikuambie kwamba wazee wetu hawakudhulumiwa, maana walidhulumiwa. Walipoachiwa jeshi walipewa kiinua mgongo, na viwango vilipangwa kwa rangi ya mtu. Mwafrika alipata chini ya Mzungu wa cheo kile kile aliyekaa muda ule ule. Dhulma hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayowafanya watu wazima wenye akili zao waamini kwamba pesa zipo mahali zimekaa. Lakini kudhulumiwa hakuna maana ya kuwa na akaunti benki. Pesa iliyowahi kutangazwa ni ile ya 2018, serikali ya Uingereza ilipotoa paundi milioni 12 za kuwasaidia maveterani wa Jumuiya ya Madola wanaoishi katika dhiki. Huo ulikuwa msaada wa chakula na matumizi kwa askari mwenyewe aliye hai au mjane wake. Mjukuu hana fungu lake pale. Na hata ingekuwa kweli marehemu ameacha haki yake, hapa kwetu mali ya marehemu ina njia yake, Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Haigaiwi mkahawani juu ya kikombe cha kahawa.

Tuje kwenye medali zenu. Nyota hiyo ikiwa imeandikwa jina la Burma kuzunguka herufi za mfalme, basi aliyepewa alihudumu upande ule kati ya 11 Disemba 1941 na 2 Septemba 1945. Utepe wake, kama haujaliwa na nondo, ni wa buluu iliyoiva wenye mstari mpana mwekundu katikati, na mstari mwembamba wa rangi ya chungwa ndani ya buluu ya kila upande. Ile ya duara, igeuze. Ukiona simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili, hiyo ni Medali ya Vita ya 1939 mpaka 1945, waliyopewa karibu askari wote waliotimiza siku 28 jeshini. Lakini usihangaike kutafuta jina la babu ukingoni. Medali hizi za vita vya pili Mwingereza alizitoa kwa askari wetu bila kuziandika jina. Ndiyo maana tapeli anazitaka zenyewe za asili: hazina mwenyewe, zinauzika, na nimeziona zikipangwa mezani pamoja na vinyago zikisubiri mtalii. Tena msizisugue kwa ndimu wala mchanga. Zifungeni kwa kitambaa kikavu, basi.

Za Vita vya Mjerumani, yaani vile vya 1914, ni habari nyengine. Zile zina namba, cheo, jina na kikosi vimepigwa chapa kwenye ukingo, herufi ndogo sana. Ishike ukingo ukiuelekeza kwenye jua la asubuhi, uizungushe pole pole, utasoma. Ikiwa ya shaba badala ya fedha, mzee wenu huenda alikuwa mpagazi au wa vikosi vya kazi. Na kama mlisikia kwamba alikuwa Zanzibar Rifles, mtafuteni pia kwenye Batalioni ya 7 ya KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki), kwa sababu mwaka 1917 askari wale waliingizwa humo. Watu hutafuta jina la kikosi cha zamani miaka na miaka wasipate kitu, kumbe kilibadilishwa jina vita vikiendelea.

Picha yenu naitaka. Usiitumie kwa kuipiga ikiwa ndani ya kioo, itoe kwanza, kisha piga na mgongo wake, kwani mara nyingi nyuma kuna muhuri wa studio au maneno ya penseli. Tazama begani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka bonde la Kabaw huko Burma kwenye msimu wa mvua wa 1944 na kuingia Kalewa mwanzoni mwa Disemba, alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Ukimuona kifaru umeshapunguza safari nusu. Usipomuona usivunjike moyo, brigedi ya 22 na ya 28 za Afrika Mashariki nazo zilikuwa Burma kwa njia zao. Wala usidhani kila aliyevaa sare alikamata bunduki. Walikuwapo madereva, makarani, wauguzi, wapishi, watu wa simu. Muulize mama, babu aliporudi alijua kazi gani asiyokuwa akiijua alipoondoka? Mtu aliyerudi anajua kupiga sindano hakuwa mpiga mizinga.

Muulizeni na bibi, au aliyebaki katika rika lake: babu alipokuwa huko, posho ya nyumbani ilikuja vipi, na nani alikwenda kuipokea, wapi? Mkinijibu hilo, nitajua tuanzie mafaili gani pale Kilimani, Unguja, kwenye Nyaraka za Taifa. Mafaili ya Sekretarieti ya zamani, yale yanayoanzia AB, yamo humo, na Gazeti Rasmi la serikali pia. Mkienda, chukueni penseli, kalamu ya wino haiingii kwenye chumba cha kusomea. Na mtenge siku tatu, maana siku ya kwanza huishia kwenye kujua tu kipi kiagizwe. Kazi hii ni ya taratibu. Anayekuahidi wiki mbili hajawahi kuifanya.

Kwa sababu hilo la kuahidiwa limezidi, nawaambia wote mnaosoma, si M.F. peke yake. Miaka ya nyuma alinijia mama mmoja wa Ng'ambo. Baba yake alimwachia cheti cha kuachiwa jeshi, kijitabu kidogo alichokihifadhi ndani ya kopo la maziwa pamoja na karafuu kukinga wadudu. Ndani yake, kwa alivyonisimulia, mlikuwa na namba, kikosi, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na alama ya kidole gumba. Yaani kila kitu nilichokuwa nikimtafutia. Alikuwa amempa mtu, cha asili, "akakipige muhuri". Mtu yule simu yake haipokelewi tena. Mama akanionesha alichopewa badala yake, karatasi inayong'aa yenye nembo ya taji na muhuri wa rangi ya dhahabu, imeandikwa kwa Kiingereza chenye makosa hata kwenye neno la cheo. Nilikaa naye mpaka adhuhuri tukijaribu kuikumbuka namba. Alikumbuka kwamba inaanza na herufi, na kwamba mwisho wake ni saba.

Basi karatasi ya asili haitoki nyumbani. Inapigwa picha, mbele na nyuma, penye mwanga wa dirishani, kisha inarudi sandukuni. Nakala ya Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi haina kazi yoyote katika kumtafuta askari wa 1944, na anayeitaka ana shughuli yake nyengine, pengine ya kukukopea usikokujua. Ukimuona mtu anataja pesa kabla hajakuuliza namba ya jeshi, mpe chai, mpe na kwaheri.

M.F., nimeiacha mestini mpaka mwisho kwa sababu nadhani ndiyo yenye jibu lenu. Askari walikuwa wakiibiana vyombo, kwa hiyo wengi walikwaruza namba zao kwa ncha ya kisu, chini ya chombo au ubavuni karibu na mkono wake. Mchele haufuti bati. Mwambie bibi akuazime kwa siku moja. Usiisugue. Ioshe kwa maji matupu, iache ikauke, kisha ilaze karatasi nyembamba juu yake na upitishe penseli kwa ubavu, kidogo kidogo, kama watoto wa skuli wanavyochora sarafu. Fanya chini, fanya na kila upande, hata pale unapoona pamejaa mikwaruzo mitupu. Zipige picha karatasi zote unitumie, usinichagulie.