Pakiti inasema “panda majira ya machipuko”: kwa Arusha ni lini?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naishi Sakina, Arusha, na nyuma ya nyumba nina matuta sita ya bustani. Wifi yangu anayeishi Uholanzi alipokuja Krismasi aliniletea mbegu za nyanya, pakiti mbili za vitunguu maji na matunguu kumi ya maua ya tulipu. Pakiti za mbegu zimeandikwa zipandwe mwanzo wa majira ya machipuko, yaani Machi. Lakini Machi huku ndiyo masika yanaingia. Nisie sasa hivi Februari, nisubiri Machi, au mpaka mvua zikatike?

Jibu: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kufungua pakiti, maana mwezi ulioandikwa pale ni wa Uholanzi.

Kule machipuko yanaleta vitu viwili: joto linarudi baada ya baridi kali, na mchana unarefuka. Desemba mchana wao haufiki saa 8, ila Juni unakaribia saa 17. Sisi tuko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Mchana wetu mrefu kabisa na mfupi kabisa haupishani hata nusu saa. Huku kinachorudi Machi ni maji. Kwa hiyo kila mbegu uiulize: wewe unangoja joto, au unangoja mchana mrefu?

Vitunguu maji ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Kitunguu hakianzi kujaza tunguu chini eti kwa sababu kimekomaa au kimeshiba mbolea. Kinaanza kujaza mchana ukifikia urefu ambao mbegu yake inaudai. Aina nyingi za Ulaya ya kaskazini zinadai saa 14 hadi 16, na huku hazitazipata hata zikikaa shambani mwaka mzima. Utapata majani mazuri ya kijani na shingo nene, chini hamna kitu. Nimeshaitwa kwenye bustani kadhaa kuangalia “ugonjwa” wa namna hiyo, nakuta mwenyewe ameongeza urea mara tatu. Si ugonjwa, na urea inazidisha majani tu. Hizo pakiti mbili zisie kwa kubananisha, uvune majani mabichi ya kuungia mboga. Ukitaka vitunguu vya kuhifadhi, nunua Red Creole au Bombay Red kwenye duka la pembejeo. Hizo zinajaza kwa mchana wetu wa saa 12. Sia kitaluni katikati ya Aprili, miche ikae wiki 6 hadi 8, uihamishie kwenye matuta mwezi Juni mvua kubwa zikiwa zimepungua. Kitalu cha Aprili kiinue, ukiwekee kichanja cha nailoni juu, pembeni wazi hewa ipite, la sivyo kinyausi, yaani ugonjwa wa kuozesha mashina ya miche, kitalaza miche yote kwa siku mbili.

Nyanya hazijali urefu wa mchana. Tatizo lake ni majani kukaa na maji. Ukisia leo, utahamisha katikati ya Machi, na zitatoa maua Aprili, mvua ikiwa imepamba moto. Hapo bakajani chelewa, ugonjwa unaopenda majani yenye maji, itaziunguza hata kama unapuliza dawa kila wiki. Sia mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei. Kwa Sakina nakuonya jambo moja: Juni na Julai usiku ni baridi, na ubaridi chini ya nyuzi 13 hivi unapunguza kushika kwa matunda. Zipe tuta linalopigwa na jua la asubuhi, zifunge kwenye miti, ondoa majani ya chini. Jirani zetu wa Moshi mjini wako chini zaidi, kwenye mita 800 na kitu dhidi ya 1,400 zetu, kwao miezi hiyo ni mizuri kwa nyanya. Na tafadhali tuta moja weka Tengeru 97 au Tanya, uzilinganishe na hizo za wifi.

Sasa hivi Februari kazi ni udongo. Inua matuta sentimita 20 hadi 30, chimba mfereji wa kutolea maji, changanya samadi iliyooza vizuri. Mnafu na mchicha unaweza kusia leo ukimwagilia. Maharage yangoje mvua ya kwanza.

Kabla hujatia chochote udongoni, pita ofisi za Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, hapo hapo Arusha, uwaonyeshe ulichonacho. Mbegu na matunguu kutoka nje yanahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea. Usione ni usumbufu. Kuna minyoo isiyoonekana kwa macho inayokaa ndani ya tunguu la tulipu, na hiyo hiyo inaangamiza vitunguu maji. Ikishaingia kwenye udongo wako haitoki kirahisi.

Wakikuruhusu, tulipu nazo zina siri yake. Ua haliwezi kurefuka vizuri bila tunguu kupitia baridi chini ya nyuzi 9 kwa wiki 12 hadi 16, na Arusha hatuna baridi hiyo, ila friji unayo. Yabonyeze kwanza, yaliyo magumu yatie kwenye mfuko wa karatasi, uweke chini kwenye friji, kamwe si kwenye friza, na yasikae na ndizi mbivu wala parachichi, kwani hewa inayotoka kwenye matunda yanayoiva huua ua likiwa bado ndani ya tunguu. Ukiyaweka katikati ya Februari, wiki 15 zitaisha mwisho wa Mei. Yapande kwenye vyungu vyenye udongo wake peke yake, uvikalishe upande wenye kivuli cha mchana. Yatachanua mara moja tu, kwa hiyo yakichanua mpigie picha wifi yako.