Maswali ya Wasomaji: Bomba Liko Wapi, na Nani Ana Ramani Yake?

SWALI: Nataka kununua hekta mbili nijenge nyumba za kupangisha. Muuzaji anasema maji, umeme na majitaka "vipo hapo hapo". Nimetafuta ramani mtandaoni, nimeambulia laini chache za umeme tu. Ramani ya mabomba na nyaya zote hupatikana wapi?

JIBU: Ramani moja yenye vyote ni nadra sana. Kila mtandao una mwenyewe: mamlaka ya maji, shirika la umeme, kampuni za simu na faiba, wenye gesi. Kila mmoja hutunza michoro yake, na wengi hawaiweki hadharani kwa kuhofia hujuma na wizi.

Ulichokiona kinatosha kwa mchujo wa kwanza. Chanzo kikubwa cha wazi ni OpenStreetMap, inayochorwa zaidi na watu wa kujitolea, mara nyingi kutoka picha za setilaiti. Nguzo huonekana angani, bomba halionekani. Ndiyo maana umepata laini za umeme tu. Kwenye Overpass Turbo, tovuti ya kuchambua data za OpenStreetMap, tafuta vitu vyenye lebo "power" na "man_made=pipeline", pakua faili la GeoJSON (muundo wa data za ramani), lifungue kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, juu ya mpaka wa kiwanja. Hakikisha mpaka na data viko kwenye mfumo mmoja wa kodineti. Mpaka uliopimwa kwa datamu (msingi wa vipimo vya ramani) ya zamani ukiwekwa juu ya data za WGS84, datamu inayotumiwa na GPS, bila kubadilishwa unaweza kuhama mamia ya mita, ukaona laini ya msongo mkubwa inapita uwanjani kwako kumbe iko kwa jirani.

Baada ya hapo ni barua. Mwandikie kila mwenye mtandao, ambatisha kodineti za pembe za kiwanja na makadirio ya mahitaji yako. Omba kipenyo cha bomba, aina yake, mwaka lilipolazwa, kina na upana wa mkuza, yaani ukanda wa ardhi uliotengewa mtandao huo. Kisha uliza swali linalosahaulika kuliko yote: uwezo uliobaki ni kiasi gani? Bomba la maji linaweza kupita getini kwako na msukumo wake usifike ghorofa ya pili. Transfoma inaweza kuwa ng'ambo ya barabara na imeshajaa. Jibu la swali hili lidai kwa maandishi. "Hakuna tatizo" ya kaunta haijengewi nyumba.

Nchi nyingine zina dirisha moja. Marekani, kabla ya kuchimba, hupigwa namba 811, kisha wenye mitandao hutuma watu kuweka alama ardhini bila malipo. Hata huko, alama kwa kawaida huishia kwenye mita ya kupimia matumizi. Bomba au waya binafsi baada ya hapo ni juu ya mwenye ardhi.

SWALI: Mchoro niliopewa unaonyesha bomba mita moja nje ya mpaka. Niuamini?

JIBU: Uuamini kwamba bomba lipo. Mahali pake, usiuamini bado. Mara nyingi mchoro huonyesha lilipopangwa kupita, na fundi aliyekuta mwamba alilikwepesha bila kurudi kusahihisha karatasi.

Kiwango cha ASCE 38 cha chama cha wahandisi ujenzi wa Marekani, kilichohuishwa mwaka 2022, hupanga data hizi kwa madaraja manne. D ni kumbukumbu za ofisini na maneno ya wazee wa kazi. C ni kumbukumbu zilizolinganishwa na vinavyoonekana juu ya ardhi na kupimwa: mifuniko ya chemba, vali, hidranti. B ni kutafuta kwa vifaa. A ni kufukua, kuona kwa macho na kupima. Mchoro wako ni D. Kwa uamuzi wa kununua, fika C, na ukitembea angalia pia viraka vya lami vilivyonyooka. Chini yake pana mtaro uliofukiwa. Ukitaka kuweka msingi karibu na bomba hilo, lipia A.

Vifaa navyo vina mipaka. Kigunduzi cha sumakuumeme hakilioni bomba la plastiki lisilolazwa na waya wa kulifuatilia. Rada ya ardhini hulegea kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa.

SWALI: Chemba ya majitaka iko mita 80 kutoka mpakani. Si karibu?

JIBU: Umbali si hoja, hoja ni kimo, kwa kuwa majitaka hutiririka yenyewe kwenda chini. Tuseme sakafu ya bomba ndani ya chemba iko mita 1.5 chini, ardhi ni tambarare, na mteremko wa bomba ni 1 kwa 100, yaani sentimita moja kwa kila mita. Mita 80 hula sentimita 80, kwa hiyo mpakani bomba lako liko sentimita 70 chini. Ingia ndani mita 40 nyingine, zinabaki 30: kina kidogo mno pale magari yanapopita. Na kama kiwanja kiko mita moja chini ya usawa wa chemba, bomba hilo lingetokeza juu ya ardhi kabla hata ya kuvuka mpaka. Hapo ni pampu, na gharama ya pampu iingie kwenye hesabu kabla hujataja bei kwa muuzaji.